Pijo 504: gari la familia lililokataa kustaafu

Leo siasa tunaiweka kando kidogo. Najua kuna wanaonisoma kwa ajili ya siasa tu, nanyi mnivumilie, siku moja haitawaua. Leo nataka tuzungumze habari za gari. Si gari jipya, wala si la mheshimiwa yeyote. Ni Pijo 504.

Mambo yalianza hivi. Majuma machache yaliyopita nilikwenda Kisauni kumjulia hali babu, mzaa mama. Nikakuta vijana wawili wanunuzi wa vyuma vikuukuu wamesimama uani na mkokoteni wao, macho yote kwenye gari la babu. Gari lenyewe ni Pijo 504, stesheni wagoni, ambayo zamani ilikuwa nyeupe na sasa rangi yake sijui niiteje. Imekaa chini ya mwembe tangu macho ya babu yalipoanza kumsumbua, akaamua mwenyewe kuiweka leseni kabatini. Kuku wa nyanya wanatagia kiti cha nyuma kabisa. Vijana wale walitaka kuinunua kwa kilo.

Babu hakuwajibu. Alinigeukia mimi. "Mjukuu wangu, wewe ndiye mwandishi. Hebu niambie, hili ni gari gani?"

Nikajibu ni Pijo.

"Hilo hata hawa kuku wanalijua. Ni Pijo gani? Ya ngazi gani? Injini gani? Mtu hauzi kitu asichokijua."

Jamani, nilinyamaza. Nimesoma chuo kikuu, kazi yangu ni kuuliza watu maswali kila siku, lakini gari lililonipeleka shule ya chekechea sikulijua. Vijana wakaambiwa warudi siku nyingine. Mimi nikarudi nyumbani nikaanza kusoma na kuulizauliza. Niliyoyapata ndiyo haya, na naona yametuhusu kuliko nilivyodhani.

GARI LILILOCHELEWESHWA NA MGOMO

Pijo 504 ilizaliwa Ufaransa mwaka 1968. Kampuni ya Peugeot ilikuwa na 404 tangu 1960, gari lililopendwa sana, ikataka kuongeza jingine kubwa na la starehe zaidi kwa ajili ya familia ya kipato cha kati: daktari wa mji mdogo, mwalimu mkuu, mwenye duka. Umbo lilichorwa kwa ushirikiano na Pininfarina wa Italia, wachoraji walewale wa 404. Mkitazama taa zake za mbele mtaona zimeinuka pembeni kama macho yaliyopakwa wanja, na buti limepinda likashuka kidogo kuelekea nyuma. Wako waliosema buti lile ni baya. Nadhani walikuwa hawajaliona kwa utulivu.

Gari lilipangwa kuonyeshwa mapema katika mwaka huo, lakini Mei ikaja na mambo yake. Wanafunzi wa Paris waliingia barabarani, wafanyakazi nchi nzima wakagoma, na mgomo ukafika hadi Sochaux, mashariki mwa Ufaransa, kwenye kiwanda kikuu cha Peugeot. Tarehe 11 Juni 1968 polisi na wafanyakazi walipambana pale kiwandani, na wafanyakazi wawili wakafa. Kwa hiyo 504 ilikuja kuonyeshwa kwa waandishi wa habari mwezi Septemba, kisha kwa umma katika maonyesho ya magari ya Paris mwezi Oktoba. Mwaka uliofuata, 1969, ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya.

Nimelitaja hilo la Sochaux kwa makusudi. Tunapozungumza habari za magari huwa tunasahau kwamba kuna watu waliofunga kila nati. Tutarudi kwa watu hao mbele, maana wengine walikuwa wa hapa hapa Mombasa.

NGAZI ZA 504

Haya, sasa tufike kwenye swali la babu. 504 moja haikuwa sawa na nyingine. Ukilitazama gari kwa nje unaweza kudhani ni lile lile, kumbe ndani na chini mambo ni tofauti kabisa.

Mwanzoni injini ilikuwa moja, ya petroli, cc 1796. Tofauti ilikuwa namna ya kulishwa. Ya kawaida ilikuwa na kabureta na ilitoa nguvu za farasi zaidi kidogo ya 80. Nyingine ilikuwa na injeksheni, yaani pampu maalumu ya Kijerumani ya Kugelfischer iliyonyunyiza petroli kwa kipimo, na nguvu zikapanda hadi karibu 100. Mwaka 1970 injini ikakuzwa hadi cc 1971. Mwaka huohuo ikaingia dizeli: ya cc 2112 ilikuwa na farasi 65 hivi, na baadaye ikaja ya cc 2304 yenye farasi 70. Ukisikia farasi 65 katika gari la ukubwa ule unajua kwamba dereva wa dizeli alikuwa mtu wa subira. Kupita lori mlimani ilikuwa jambo la kupanga mapema. Lakini mafuta aliyachoma kidogo, na injini ile ilikuwa haichoki.

Juu kabisa ya ngazi walikaa wakubwa: kupe ya milango miwili na ile ya kufunua paa, zote za mwaka 1969. Kuanzia 1974 hizo zikatiwa injini ya V6, yaani silinda sita, cc 2664. Hizo tuwaachie matajiri.

Kwa magari ya milango minne herufi ndizo zilizosema. TI ilikuwa ya injeksheni, ya mtu anayependa mbio na starehe. GL ilikuwa ya katikati, ya heshima. Herufi D mwishoni ilimaanisha dizeli. Mwaka 1973, mwaka uleule bei ya mafuta ilipolipuka duniani, ikaongezwa L. Hii ndiyo ilikuwa ya chini kabisa. Ilirudishiwa injini ndogo ya cc 1796. Breki za nyuma, ambazo kwa wenzake zilikuwa za diski, kwake zikawa za dramu. Na mguu wa nyuma ukabadilishwa.

Hapo kwenye mguu wa nyuma naomba msikimbie, kwa sababu ndipo ulipo mkasa wote.

MGUU WA NYUMA

504 ya bei kubwa ilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. La kulia likiingia shimoni, la kushoto halina habari. Hiyo ndiyo iliyolifanya gari lile lisifiwe Ulaya kwa ulaini: springi ndefu zinazoshuka na kupanda kwa nafasi, viti kama vya sebuleni. Mfaransa akipita kwenye barabara ya mawe kahawa haimwagiki.

L haikuwa na mambo hayo. Yenyewe ilikuwa na ekseli moja ngumu inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma, juu yake springi. Teknolojia ya zamani, rahisi, na nafuu kutengeneza. Kwa macho ya mwandishi wa magari wa Paris hiyo ilikuwa hatua ya kurudi nyuma.

Lakini jaribu kulipakia gari. Magurudumu yanayojitegemea ya aina ile, ukiyawekea mzigo mkubwa siku zote, hulala kwa ndani, na tairi huliwa upande mmoja. Ekseli ngumu haina hadithi hiyo. Ukiweka watu wanne au gunia kumi, magurudumu yanabaki yamesimama wima. Na sehemu za kuchakaa ni chache, kwa hiyo fundi wa kando ya barabara anaziweza.

Ndiyo maana Peugeot walipotoa stesheni wagoni mwaka 1971 waliipa ekseli ngumu tangu mwanzo, tena na springi nne za nyuma, mbili kila upande. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma uliongezwa kutoka sentimita 274 hadi 290. Kulikuwa na ya mizigo na kulikuwa na ile waliyoiita Familiale, yenye safu tatu za viti kwa ajili ya watu saba. Ilikusudiwa baba, mama na watoto wengi wanaokwenda likizo. Mwaka 1979 ikaja pikapu ya kubeba tani moja na ushei, nayo ikiwa na ekseli ngumu.

Sasa wekeni hilo akilini: ngazi za juu zilipewa ulaini, ngazi za chini zilipewa mgongo.

PIJO ILIVYOINGIA KWETU

Hapa Afrika Mashariki jina la Pijo halikuletwa na 504. Lililetwa na 404, na kilichoitangaza ni mbio za Safari. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza, na ya kwanza ilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, tena kwa 404. Mwaka 1968 mvua zilinyesha vibaya, yakamaliza tena magari 7, safari hii kati ya 93, na Nowicki na Cliff wakarudi juu. Sasa wewe mwenye shamba Molo au mwenye duka Malindi, baada ya kuona hayo ungenunua gari gani?

504 nayo ikafuata. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden na Arne Hertz walishinda Safari kwa 504 ya injeksheni. Mwaka 1978 akashinda Mfaransa Jean-Pierre Nicolas na Jean-Claude Lefebvre kwa kupe ya V6.

Mnaona mchezo? Zilizoshinda ni za ngazi za juu, injeksheni na V6. Zilizonunuliwa na wananchi ni za ngazi za chini: kabureta, dizeli, ekseli ngumu. Ushindi wa tajiri ukamuuzia maskini gari jingine kabisa. Na la ajabu ni kwamba maskini ndiye aliyepata gari lililodumu.

Kisha wakaja wafanyakazi niliowaahidi. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Kenya iliamua magari yasije yakiwa mazima, bali yaje vipandevipande yaunganishwe hapa. Vikaanzishwa viwanda vitatu: Thika, Nairobi, na Mombasa. Cha Mombasa kiliitwa Associated Vehicle Assemblers, na humo ndimo zilimounganishwa Pijo 504 zetu. Vifurushi vilitoka Ufaransa kwa meli, vikashuka Kilindini, vikapelekwa kiwandani. Baadhi ya vitu, kama matairi, betri, rangi na vioo, vilitakiwa vipatikane hapa nchini. Kwa hiyo Pijo ya babu ina asili mbili. Chuma chake ni cha Wafaransa, lakini mikono iliyoifunga ilikuwa ya watu waliokula chapati na maharagwe mchana Mombasa.

Si sisi peke yetu. Nigeria walifungua kiwanda chao cha Pijo mjini Kaduna mwezi Machi 1975, na huko 504 ikawa gari la ofisa, la polisi na la teksi kwa wakati mmoja. Argentina nao waliendelea kuziunda mpaka 1999. Senegal stesheni wagoni za Pijo zilipewa jina la idadi ya viti vyake, "viti saba", na watu husema wamesafiri kwa viti saba bila kutaja Pijo kabisa.

Angalieni miaka. Sochaux waliacha kuunda 504 ya milango minne mwaka 1983. Kupe za V6 zikaisha mwaka huohuo. Pikapu ikaendelea Ulaya mpaka 1993. Na hapa Afrika, Kenya na Nigeria, 504 zenye ekseli ngumu zilikuwa bado zinatoka kiwandani miaka ya mwanzo ya 2000, zaidi ya miaka thelathini tangu ile siku ya Paris. Ngazi ya chini imewazika ndugu zake wote.

WALIOZIENDESHA WANASEMAJE

Babu aliinunua yake miaka ya 1980 akaiweka katika njia ya Mombasa–Malindi. Wakati ule Pijo za abiria zilikuwa ndizo za haraka. Basi lilikuwa la kusubiri na kusimama kila mti, Pijo ikijaa inaondoka. Na "kujaa" hapo kulikuwa na maana yake. Viti vilikuwa saba, pamoja na cha dereva. Babu anasema abiria wanane ilikuwa heshima, tisa ilikuwa kawaida, na kumi ilikuwa siku ya kuamkia Idi. Sisifu jambo hilo, nasimulia tu.

Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo magari yalivuka kwa feri, na foleni ilikuwa foleni kweli. Babu anasema pale ndipo alipojua thamani ya gari lake, kwa sababu pale kwenye jua la mchana madereva walikuwa wanafungua boneti, wanalinganisha injini, wanabishana. Mwenye cc 1796 anajisifu kwa kubana petroli. Mwenye 1971 anajisifu kwa mlima. Mwenye dizeli ananyamaza, anahesabu pesa zake. Ya babu, nimekwenda kusoma kibati ndani ya boneti nikahakikisha, ni 1971.

Nilimtafuta pia makanika mmoja mzee wa Majengo ambaye mikono yake imezifahamu Pijo kwa miaka mingi. Nilimuuliza kwa nini watu wa umri wake wanaisifu injini ile. Alinijibu kama mwalimu. Kwanza, imelazwa. Haikusimama wima, imeinamishwa nyuzi 45 upande mmoja, kwa hiyo boneti liko chini na upande wa pili una nafasi ya kutia mkono. Pili, silinda zake ni laina zinazochomoka. Injini nyingine silinda zikiisha unapeleka bloki nzima kwa fundi wa mashine akatoboe upya. Hii unachomoa laina na pistoni, unatia mpya, kazi inafanyika hata chini ya mti. Tatu, inaendeshwa kwa mnyororo, haina mkanda wa kukatika ukakuangamizia valvu. Na propela yake imefungiwa ndani ya bomba, vumbi na mawe haviifikii.

"Walioiunda," aliniambia, "walijua kwamba siku moja itaharibika mbali na kwao." Maneno hayo nimekuwa nikiyatafakari tangu siku ile.

Abiria nao wana yao. Nyanya, ambaye hajui cc wala hataki kujua, anasema Pijo ilikuwa gari pekee ambalo alishuka Malindi bila kuumwa na kiuno. Mama yangu anakumbuka harufu ya viti, mchanganyiko wa plastiki ya moto na samaki wa watu. Mjomba anakumbuka kiti cha nyuma kabisa, ambapo watoto walisukumwa, magoti kidevuni, wakitazama barabara inavyokimbia.

Nisiwadanganye, haikuwa malaika. Mabati ya magari ya zama zile yalikuwa chakula cha kutu, na hapa pwani kutu haihitaji mwaliko. Usukani usio na msaada wa pampu ulikuwa mzito, kuegesha ilikuwa mazoezi ya viungo. Injini ya petroli yenye kabureta haikuwa na huruma na mfuko. Mikanda ya usalama ya abiria wa nyuma, hiyo usiulize. Gari la leo la ukubwa uleule litakulinda zaidi ukipata ajali, na hilo si jambo dogo.

KWA NINI ILIONDOKA

Sasa niliuliza: kama ilikuwa nzuri hivyo, imekwenda wapi? Jibu halikuwa moja.

Miaka ya 1990 milango ilifunguliwa, magari yaliyotumika yakaanza kumiminika, mengi yao kutoka Japan kupitia Dubai au moja kwa moja. Gari la mtumba lenye kiyoyozi na vioo vya umeme lilipatikana kwa bei ambayo Pijo mpya ya kuunganishwa Mombasa haikuweza kuishindania. Mwananchi alifanya hesabu zake, na siwezi kumlaumu. Hata mimi nikijaliwa kununua gari, labda litakuwa la mtumba. Katika biashara ya abiria ziliingia Nissan za watu 14, ambazo kila safari zinaingiza nauli mara mbili. Halafu Februari 2004 zikaja zile kanuni za waziri John Michuki: mikanda kwa kila abiria, vidhibiti mwendo vya kilomita 80, na idadi ya abiria kufuatwa. Kanuni zile zilikuwa za haki. Lakini Pijo nyingi kuukuu zilishika njia ya uani, chini ya miembe kama huu wa babu.

Kuna kichekesho kimoja cha historia. Yule Ove Andersson aliyeshinda Safari kwa 504 mwaka 1975 ndiye aliyekuja kuiongoza timu ya mbio ya Toyota barani Ulaya, na Toyota wakashinda Safari mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Mtu yuleyule aliyesaidia kuitangaza Pijo ndiye aliyesaidia kumtangaza mrithi wake. Alifariki mwaka 2008 huko Afrika Kusini, katika ajali, akiwa kwenye mbio za magari ya zamani.

Lakini kinachonikera si kwamba tumehama kutoka Pijo kwenda Toyota. Magari ni magari. Kinachonikera ni hiki. Ingia katika gari lolote la mtumba lililotoka Japan jana. Washa redio. Stesheni zetu nyingi huzipati, kwa sababu mawimbi ya FM ya kwao huanzia megahezi 76 na ya kwetu huanzia 88 hadi 108. Inabidi ununue kifaa cha kugeuza. Skrini inakusalimia kwa Kijapani, na hujui kama inakupa karibu au inakuonya. Ngazi ya gari lile, injini yake, springi zake, urefu wake kutoka ardhini, vyote vilichaguliwa na familia moja ya Osaka au Nagoya kwa ajili ya barabara zao. Sisi tunachagua katika vile walivyochagua wengine, wakachoka navyo.

Kwa Pijo ilikuwa tofauti kidogo. Sisemi ilikuwa yetu, maana vifurushi vilitoka Ufaransa na faida kubwa ilirudi huko. Lakini kulikuwa na mtu mahali fulani aliyeketi akaamua kwamba gari linalokwenda Kenya litakuwa la ekseli ngumu, la safu tatu, lisilo na kitu cha kumshinda makanika wa Majengo. Kwa muda wa miaka kadhaa mteja aliyefikiriwa alikuwa babu. Na kulikuwa na vijana wa Mombasa waliolipwa mshahara kwa kulifunga, wakajifunza ufundi, wakawafundisha wengine. Hicho ndicho tulichokiacha pamoja na gari, na sidhani kama tulikaa tukakipigia hesabu.

Kiwanda cha Mombasa hakikufa, kimeendelea na kazi ya kuunganisha malori na magari ya kampuni nyingine. Na mwaka 2017 Pijo zilianza tena kuunganishwa Kenya, safari hii Thika. Nilifurahi niliposoma. Lakini hizo ni za watu wenye pesa, gari la mkutano na hoteli. Ngazi ya chini, ile ya mgongo, haikurudi.

KUHUSU MKOKOTENI

Wale vijana wa vyuma walirudi Jumamosi iliyopita, nami nilikuwepo. Babu akaniita mbele yao kama shahidi mahakamani. "Haya, mwandishi. Hili ni gari gani?"

Nikasema: Pijo 504 Familiale, cc 1971, kabureta, gia nne, ekseli ngumu, springi nne nyuma, viti saba, imeunganishwa Mombasa.

Akatikisa kichwa taratibu, akawageukia vijana. "Mmesikia? Sasa bei yenu ya kilo ni ya chuma. Hayo mengine mtayalipaje?"

Mmoja wao alicheka, mwingine akaomba maji ya kunywa. Nyanya akawaletea. Pijo bado iko chini ya mwembe, na kuku bado wanataga. Makanika wa Majengo ameniambia laina za injini ile bado zinapatikana ukijua pa kuuliza, na mimi nimeanza kuweka akiba kidogo kidogo. Msinicheke. Mshahara wa mwandishi mnaujua, kwa hiyo kazi itachukua muda.

Nanyi je? Nyumbani kwenu kulikuwa na Pijo ya ngazi gani? Kama hamjui, nendeni mkamuulize mzee angali hai. Mkipata jibu niandikieni, hasa ninyi mliowahi kufanya kazi pale kiwandani Mombasa au ambao wazazi wenu walifanya. Nataka kusikia habari za mikono iliyofunga nati zile kabla hazijaenda zote kwenye mizani.

Tukutane tena juma lijalo. Siasa itarudi, msijali, haijawahi kutuacha.